Joto la Kutoka Bremen

Fimbo ya mbali huua nyoka, tena bila mwenye fimbo kuinuka kitini. Mwanangu Radko yuko ughaibuni, Bremen, mimi niko kwetu Gabrovo, na majira haya ya baridi alikuwa akigusa simu yake tu, rejeta za kupasha nyumba joto ukutani kwangu zinapata moto. Nyoka nilikuwa mimi.

Kabla ya hapo palikuwa na kidhibiti joto cha zamani kwenye ukuta wa jikoni, cha duara, plastiki yake imegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara. Marehemu mume wangu, Minyo, ndiye aliyekifunga, mimi nikimshikia tochi. Unakizungusha, kinalia tak, boila ya gesi inaamka bafuni. Joto likitosha, tak nyingine, boila inalala. Tangu tumzike Minyo, hiyo tak ndiyo ilikuwa sauti pekee humu ndani isiyotoka kinywani mwangu wala redioni.

Na kila jioni Radko alikuwa akipiga simu. Swali la kwanza halikubadilika: mama, umewasha? Nikisema nimewasha, anauliza digrii ngapi. Ishirini, namwambia, na huku nimekaa kwenye kumi na sita, nimevaa koti la Minyo. Alijua naongopa. Mtu wa Gabrovo hachomi gesi ili kuta zifurahi. Ni sisi tunaotaniwa kwamba tulikata paka mikia ili mlango ufungwe upesi wakipita, joto lisitoke. Basi Radko ananigombeza, nami namgombeza kwa kunigombeza, na katika kugombezana huko tunafika kwenye supu ya maharage niliyopika, goti langu, bosi wake, theluji ya kwao na ya kwetu. Uongo mdogo ule ulitubeba nusu ya jioni.

Mwezi wa kumi na moja akaniletea fundi, Gencho, na kidude kipya kilichokuja kwa posta, cheupe, bapa kama kipande cha sabuni, chenye kioo. Gencho alizima umeme, akafungua cha zamani, akaunganisha waya, akauliza kama akitupe kile kikuukuu. Nilimwambia akiache mezani. Kwetu kitu ambacho bado kinalia hakitupwi. Nilikitia kwenye droo ya vijiko.

Kidude kipya hakikulia. Kilionyesha nambari tu.

Mwanzoni nilikipenda. Nilikuwa nakishusha hadi kumi na sita, nakaa, nakitazama. Punde nambari inapanda yenyewe, ishirini na mbili. Ni yeye huyo. Nashusha. Anapandisha. Nilicheka peke yangu kama mwehu, maana ilikuwa kama mtoto aliye chumba cha pili anagonga ukuta nami namgongea. Kisha siku moja nikagusa kioo, kikanionyesha kufuli dogo. Nikagusa tena. Kufuli. Radko alikuwa amekifunga kutoka huko huko.

Simu nazo zikapungua, kama maji ya bomba kabla hayajakatwa, mpaka zikakauka. Aniulize nini, na kila kitu anakiona? Nilipompigia mimi alikuwa kazini. Alinijibu haraka, ila kwa upendo, nisimsingizie.

"Mama yangu, nakuona. Ishirini na mbili, safi kabisa. Uko vizuri."

"Unaona ukuta, Radko."

Alicheka, akasema tutaongea Jumapili. Jumapili ikapita na theluji yake.

Jirani yangu Yonka alikuja kuota joto, akavua sweta mbili, akaniuliza kama siku hizi paka wangu nimemshonea mkia wa pili. Nilimwambia sina paka. "Basi tafuta hata mmoja, mwenzangu," akasema. "Nyumba ina joto la watu kumi, na umo peke yako." Ulikuwa utani. Alimaliza chai yake akaenda zake, maneno akayaacha jikoni.

Alhamisi mchana nilizima swichi kubwa ya umeme. Nilijaribu taa ya jikoni, haikuwaka; Minyo alikuwa akisema usiamini swichi, amini taa. Nikakifungua kidude kwa bisibisi. Nyuma yake waya zote zilikuwa nyeusi, kwa sababu Minyo alizipitisha ukutani miaka ile ambayo madukani hapakuwa na waya za rangi, akachukua alizopata kiwandani kwake. Ila mmoja ulikuwa na alama nyekundu. Rangi yangu ya kucha. Siku ile alikosa cha kuuwekea alama waya unaoleta umeme, akaniomba kichupa changu. Niliupaka, kisha nikampaka na yeye kidole gumba kwa uchokozi, na kesho yake akaenda nacho hivyo hivyo kazini.

Nilifuta vumbi kwenye alama ile kwa kidole. Kisha waya wenye rangi nikaurudisha kwenye skrubu ya juu ya kile cha zamani, na ule unaokwenda kwenye boila, ambao nao ncha yake bado ilikuwa imepinda kwa skrubu za zamani, nikautia kwenye ya chini. Ulibaki wa tatu, ambao cha zamani hakiuhitaji. Nikauviringishia tepu ya umeme, nikausukuma ndani ya ukuta. Nikakaza. Nikarudisha umeme. Nikazungusha.

Tak.

Cheupe nikakitia kwenye droo ya vijiko.

Bisibisi ilikuwa bado mezani simu ilipoita. Radko alikuwa anahema. Kwenye simu yake nyumba yetu ilikuwa imegeuka kijivu, haina nambari. Akilini alishaniona nimelala sakafuni, alishaona boila imelipuka, alishampigia Gencho. Nilimwacha aseme yote. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia akivuta pumzi.

"Nimekitoa," nikamwambia. "Nimerudisha cha baba yako."

"Mwenyewe? Na umeme ule? Mama, una wazimu?"

"Nilizima kwanza."

Nyuma yake watu walikuwa wakiongea Kijerumani. Kisha akauliza, taratibu, "Digrii ngapi huko?"

"Ishirini."

"Muongo we."

"Njoo upime."

Alicheka. Alisema ametoka mbio kwenye kikao, kwa hiyo walau nimwombe radhi.

Nilivuta kiti, nikakaa karibu na ukuta.

"Kesho ukitaka kujua kama nina baridi, niulize," nikasema. "Radhi siombi."