Mwanga Ulio Chini ya Jicho la Chui

1.

TANGAZO

Wadau wote mnaalikwa kwenye warsha ya kuwasilisha matokeo ya utafiti: *Usimamizi na Maendeleo ya Kazi za Wachoraji katika Tasnia ya Ubunifu.* Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, Ukumbi Na. 2. Chai itakuwepo.

Picha kwenye bango: kazi ya Mshiriki wa 5.
Utambulisho wake umehifadhiwa.

2.

Umehifadhiwa.

Neno hilo nililiandika mimi, Eliakunda Mfinanga, mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa nne. Niliandika, nikaridhika, nikaenda kunywa chai. Msomaji, kama umeanza kunitafutia udhuru, usijisumbue.

3.

*Fomu ya ridhaa, aya ya pili*

Jina lako halitatajwa popote. Una haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu.

Sahihi ya mshiriki: *(aliandika polepole, kisha akacheka. Alisema hajazoea kuweka jina lake chini ya kitu.)*

4.

*Mahojiano ya 5. Bandani, mchana, wenzake wamekwenda kula.*

— Dada Elia, hicho kidude kimeshaanza kusikia? Haya. Hapa mwanafunzi hana jina. Unachora wewe, Mzee Nampoto anaweka sahihi yake, ndivyo tulivyokuta. Siku ukiiva anasimama mbele ya watu, anauliza mara tatu: nani kachora hii? Mbili za kwanza unanyamaza. Ya tatu unataja jina lako. Anakupa brashi, unaliandika kwenye picha. Kuanzia hapo wewe ni mchoraji.

— Na wewe umesubiri kwa muda gani?

— Tisa.

— Miezi?

— Miaka, dada.

*(Anasogea karibu na kinasa sauti, ingawa hakuna haja.)*

— Mikono ya Mzee inatetemeka. Huu mwaka wa nne hajashika brashi. Zote hizo wanazoziita za Nampoto, nachora mimi, hata sahihi yake naiweka mimi. Ameniahidi jina baada ya Idi. Hili likitoka hapa, basi tena. Atanifuta.

5.

*Nilivyomficha*

Jinsia: nikamfanya mwanamume.
Umri: nikamwongezea miaka kumi na miwili.
Kwao: nikamtoa Masasi, nikampeleka Kigoma.
Banda: "kikundi kimoja cha wachoraji jijini".
Maneno yake: nikayaacha, ukurasa wa 61 wa ripoti. *Mwalimu wangu hajashika brashi miaka minne.*
Picha ya chui, niliyoipiga kabla haijawekwa sahihi: nikaiacha.

Ilikuwa nzuri.

6.

*Jumanne, nje ya ukumbi. Wachoraji wawili wa banda lile wameleta kazi za kutundika. Wamesimama mbele ya bango. Mimi niko nyuma yao na mkononi nina gundi.*

— Hii si ya Somoe?

— Tazama jicho. Kila mtu kitone cheupe anakiweka juu. Yeye chini.

— Alijifunzia sakafuni, pale mlangoni. Mwanga ulikuwa unamjia kwa chini.

— Mzee kaiona?

— Kadi ya mwaliko si anayo? Picha ni hii hii. Na ripoti wamempelekea.

7.

Nilikuwa nimeficha karatasi zake, mtu nikamwacha wazi. Kwa wachoraji, mkono ndio sura, na mimi nimewahoji miezi kumi na minne bila kulijua hilo. Usomi wangu wote ule!

Nilimpigia Somoe. Hakufoka. Aliuliza kama na yale maneno yamo. Nikamwambia yamo. Akauliza ukurasa. Nikautaja, kana kwamba ukurasa ungesaidia kitu.

"Nilikuamini," akasema, akakata simu.

Msimamizi wangu, Daktari Mushumbusi, alisema mabango yameshachapwa na wizara imethibitisha kuja. Akanishauri niandikie Kamati ya Maadili.

8.

YAH: OMBI LA DHARURA LA KUONDOA PICHA NA UKURASA

Tunakiri kupokea barua yako. Ombi lako litajadiliwa katika kikao cha kawaida cha Kamati, wiki mbili baada ya warsha. Tunathamini uadilifu wako.

9.

Alhamisi.

Mzee Nampoto amewahi kuliko wote. Kofia nyeupe, koti la kijivu, mkono wa kulia mfukoni. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, mwanangu, akasema, na mkono ukabaki mfukoni. Akaongeza kwamba ripoti ameisoma. Ameishia ukurasa wa 61.

Akaenda kukaa safu ya mbele.

Somoe yuko safu ya tatu. Amevaa kama anayekwenda msibani, au arusini, sijui. Hanitazami.

10.

*Unukuzi wa warsha, kipengele cha maswali*

MWENYEKITI: Tumpe nafasi mzee wetu.

MZEE NAMPOTO: Nani kachora hii?

MWENYEKITI: Mzee, kwa mujibu wa maadili ya utafiti, majina ya washiriki hatuya—

MZEE NAMPOTO: Nani kachora hii?

*[Wachoraji wote wananyamaza.]*

11.

Wewe unayesoma unajua jambo ambalo meza kuu haikulijua. Wao waliona mzee mkorofi. Mwenyekiti alikuwa ameshamtafuta mlinzi kwa macho.

Lakini hata wachoraji hawakuwa na hakika. Swali la kumpa mtu jina ndilo hilo hilo unalomuuliza mtu aliyekuvua nguo mbele za watu. Somoe akinyamaza mara ya tatu, jina limepita, halirudi. Akijibu, naye Mzee ana hasira, amekiri mwenyewe mbele ya ukumbi mzima kwamba msaliti ni yeye.

Ningeweza kusimama. Ningesema kosa ni langu, mzee wangu, nilaumu mimi. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi.

Niliogopa.

Nilikaa.

12.

*Unukuzi unaendelea*

MZEE NAMPOTO: Nani kachora hii?

*[Kiti kinasogezwa.]*

~~MSHIRIKI WA 5:~~

*(Kanuni inataka namba. Nimempigia kumuuliza, akasema niandike alivyosema. Fomu yetu ya ridhaa haina kisanduku cha mtu anayetaka kutajwa. Nimekichora kwa kalamu.)*

SOMOE NANTANGA: Mimi. Somoe Nantanga.

*[Kimya. Sekunde kumi na moja.]*

13.

Kinasa sauti hakioni, kwa hiyo hizo sekunde nakusimulia mimi.

Mzee alitoa mkono mfukoni. Ukatetemeka mbele ya watu wa wizara, mbele ya wanafunzi wake aliowaficha tetemeko hilo miaka minne, na hakuurudisha. Ulikuwa na brashi nyembamba. Kwa mkono wa kushoto akatoa kikopo cha rangi nyeusi, akakiweka juu ya meza kuu, kwenye karatasi za mwenyekiti.

Hakumnyooshea brashi. Wala hakuificha.

"Njoo," akasema.

Somoe akatoka safu ya tatu. Alipofika hakuchukua brashi. Alimshika Mzee kifundo cha mkono, akakikaza kidogo, na mkono ukatulia. Wote wawili wakainama kwenye bango, chini ya chui, pale pasipokuwa na kitu.

Brashi ikagusa. Migongo yao iliniziba, sikuona herufi ya kwanza ni ya jina la Somoe au la Mzee.

14.

Sahihi ya mchoraji: