Mihogo ya Utepe Mwekundu

Kule Heru Juu mtu anaweza kukunyima chumvi, akakunyima hata kijinga cha moto, lakini mbegu ya muhogo hakunyimi. Ukipita wakati wa kupanda ukasema shamba lako limekauka, unakatiwa pingili, unafungiwa mzigo kwa kamba ya mgomba, unakwenda zako. Mbegu haiuzwi wala haikopeshwi. Desturi hiyo ndiyo iliyomnasa Adija.

Adija, aliyeitwa Mama Zuhra, alikuwa kibarua wa kupalilia shamba la majaribio, lile lenye uzio wa waya, na sharti la pale lilikuwa moja: hakitoki kitu, hata jani. Mtaalamu wa shamba hilo, Nurudini, kijana wa Ujiji mwenye maneno laini, alimweleza kazi yenyewe wakiwa wameinama tutani. Bakteria wanaobabua majani, alisema, hubonyeza mahali fulani kwenye DNA ya muhogo, mmea ukamwaga sukari, wao wakala wakanenepa. Basi huko maabara wametengeneza protini inayokwenda kuweka alama ndogo mahali hapo, alama iitwayo methili. Bakteria akibonyeza, hapabonyezeki.

"Na hizi tepe mlizofunga mashinani, nyekundu na buluu?" Adija aliuliza.

"Nyekundu ni protini ya kwanza. Ya buluu tumeikata vipande viwili, havifanyi kazi mpaka vikutane mahali penyewe. Kama sanduku lenu la akiba la VICOBA, Mama Zuhra: mwenye ufunguo mmoja hafungui."

Adija alicheka, akaendelea kupalilia.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mkwewe, Bibi Nkunzimana, alikuja uzioni na shina kavu mkononi. Shamba lake lote lilikuwa limekwenda.

"Mke wa mwanangu, hata wewe utaninyima mbegu?"

Adija alitazama huku, akatazama kule. Akachagua mihogo iliyopendeza kuliko yote, yenye majani kama mwavuli, akakata pingili, akazipitisha chini ya waya. Ilikuwa ya utepe mwekundu.

Mwaka ukapita. Mihogo ya majirani ilinyauka, ya Bibi ikasimama kijani. Hakuchimba hata shina moja. Aliitunza iwe mbegu.

Ndipo ilipofika siku ya kuchimba shamba la majaribio. Nurudini aling'oa muhogo wa buluu, mizizi minene kama mapaja ya mtoto. Akang'oa wa nyekundu: mikia ya panya.

"Hii ya kwanza haikuwa na shabaha," alisema, akikung'uta udongo. "Imeweka alama panapotakiwa, ikaweka na pasipotakiwa, ikafunga hata kazi ya kujaza mizizi. Na pingili zinazibeba alama hizo, mtoto anakuwa kama mama. Leo tunachoma tuta zima. Bahati yetu hakuna kilichotoka."

Adija alizikumbuka pingili alizompa mkwewe. Akisema, kibarua kimekwisha na mkwewe ataitwa mwizi. Akinyamaza, Heru Juu nzima itapanda njaa kwa mikono yake.

Jioni alipofika kwa mkwewe, mizigo ya pingili ilikuwa imeshafungwa uani, na wanawake wamejaa kama kwenye harusi.

"Mwakeye, Mama Zuhra!" mmoja alimsalimu kwa Kiha, akimchokoza. "Leo mkweo ndiye ghala la wilaya!"

"Mzigo mmoja umeshakwenda kijiji cha Rungwe Mpya," Bibi alisema kwa fahari. "Na wewe beba wako."

Adija alichukua jembe ukutani, akaingia shambani, akang'oa shina lililonenepa kuliko yote, akalitupa katikati ya uani. Mikia ya panya.

Wanawake walisogea kuitazama.

"Umeiroga mihogo yangu!" Bibi alilia.

"Sikuiroga, mama. Nilikupa mbegu ya majaribio isiyoruhusiwa kutoka uzioni, na kila pingili yake itazaa hivi hivi."

"Lakini majani ni mazuri," mwanamke mmoja alisema, akiuvuta mzigo wake. "Kwenye udongo wangu itazaa tu."

Wa pili naye akainama, na wa tatu. Adija aliona hawatazuilika kwa maneno. Akaketi juu ya mizigo kwa uzito wake wote, akatandaza miguu.

"Mchoyo wa mbegu!" walipiga kelele. "Tangu lini?"

Hakuweza kusimama; angesimama tu, mizigo ingekwenda. Alichomoa simu kwenye pindo la kanga, akapiga. Iliita, ikaita. Bibi Nkunzimana alimtazama, akautazama ule mzizi mwembamba, akaja akaketi ubavuni mwake, akaufunika mzigo uliobaki wazi.

"Naam, Mama Zuhra?" sauti ya Nurudini ilisema.

"Ule moto wenu," Adija alisema, "msiuzime. Njoo nao na huku. Kisha tuna safari ya Rungwe Mpya."