Karatasi Zilizofungia Karanga

"Kuku ni wangu, Mama Kulwa, sijakataa. Nitakuletea michembe mingine, sinia zima. Sasa kelele za nini?"

"Za nini? Viazi nimemenya mwenyewe, nimekata mwenyewe, nimeanika siku nne, halafu kuku wako waje kula kama wamealikwa! Hukuwaona?"

"Nilikuwa ndani."

"Ndani! Wewe kulinda hukujaaliwa, Esperansi. Si kuku, si mtoto wa mtu."

Maua Mabruki, aliyekuwa barazani kwake akikaanga karanga, alikuwa akiufaidi ugomvi huo tangu mwanzo. Hapo Ng'ambo, mtaa wa Tabora, nyumba yake ilikuwa kama stesheni. Aliyekwenda sokoni alipita kuchukua habari, aliyerudi alipita kuziacha, na ndugu wa Bukene walishuka kwenye treni wakaja kulala bila hata kupiga simu. Ugomvi huu wa kuku alikwisha kuupangia namna ya kuusimulia, na sauti ya kila mmoja. Lakini maneno hayo ya mwisho yalimfanya ausimamishe mwiko.

Esperansi naye alirudi nyuma hatua moja, kama aliyesukumwa.

Mama Kulwa alitia mkono kwenye pindo la kanga akatoa karatasi iliyokunjamana, yenye chembe za chumvi.

"Mnadhani nazusha? Mwandiko wake huu. 'Mwaka 2003, Urambo, nilishtakiwa kwa kifo cha mtoto niliyeachiwa nimwangalie. Bani la tumbaku, banda la kukaushia, liliungua naye akiwa ndani.' Sahihi yake hii hapa chini. Na huyu ndiye anayewagawia uji Kulwa na Doto wangu pale kituoni!"

"Imekufikiaje hiyo?" Esperansi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka watu waliokuwa wamesimama barabarani walisogea ili waisikie.

"Ya nini kuuliza? La Mungu halifichiki."

Kisha Mama Kulwa akageuka kidogo upande wa baraza na kumkonyeza Maua.

Ukonyezo ule ulimwingia Maua kama mwiba wa kisigino. Aliitazama karatasi. Ncha yake ilikuwa imekunjwa mara mbili. Wauza karanga wote wa mjini hukunja ncha mara moja, na karanga humwagika mfukoni mwa mteja. Mara mbili alikunja yeye peke yake. Mama Kulwa alikuwa amedhani karanga zile zilikuwa barua, kwamba Maua kamtumia uvumi umefungwa vizuri, na bei ni mia mbili.

Angeweza kusema pale pale. Watu walikuwepo, mdomo aliokuwa nao haukuwahi kumwangusha. Aliinama akakoroga karanga, ambazo zilikwisha kuungua.

*

Miezi mitatu nyuma Esperansi alikuja kwake na fomu ile ingali tupu. Aliingia bila hodi, kama siku zote, akafunua sufuria, akaonja mchuzi, akakaa kwenye mkeka.

Kituo cha Mkono kwa Mkono kilikuwa kinawapikia uji watoto wa shule na kuwasaidia kusoma jioni. Wanaojitolea walikuwa kumi na wanne, na Esperansi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuosha masufuria. Sasa wafadhili walitaka kila mtu achunguzwe: alizaliwa wapi, ana ugonjwa gani, aliwahi kushtakiwa, nani anamdhamini. Fomu moja, mbele na nyuma.

"Dada, nyuma huku wanauliza mambo ya zamani."

"Jaza tu, Espe. Nani ana muda wa kusoma?"

"Emilian wa ofisini kasema zitafungiwa kabatini. Ufunguo anao yeye peke yake."

"Basi. Na mdhamini niandike mimi. Wakinipigia nitawaambia nakujua kama kiganja changu."

Walimpigia kweli, na alisema hivyo hivyo. Hakuwa anajua lolote. Alijua kwamba Esperansi alitoka Ulyankulu, kwamba wazazi wake walikuja na ukimbizi kutoka Burundi na yeye akazaliwa hapa, kwamba hakuolewa, na kwamba mtoto akilia popote mtaani yeye huwa wa kwanza kusimama. Miaka kumi walikuwa wakila sahani moja, na Maua, aliyejua nani kaachwa na nani kakopa, hakuwahi kujiuliza kwa nini mwanamke huyu hawezi kukaa kilio cha mtoto kikipita.

Zile karatasi nazo zilimfikiaje? Zilimfikia kwa miguu yake mwenyewe. Karatasi za ofisini ni ngumu, hazipenyi mafuta, na kila mwezi Maua alipita kituoni kuomba zilizokwisha kazi. Mwezi ule alikuta boksi zima limekaa nje ya mlango wa ofisi. Emilian, mratibu, alikuwa safarini. Mlinzi, mzee Limbu, alisema ameambiwa achome.

"Uchome? Mzee wangu, moto haujawahi kushiba karatasi. Wajukuu zangu ndio wanaoshiba." Akajitwika boksi kichwani, mzee akacheka, mambo yakaisha.

Wiki ile nyumba ilikuwa imejaa watu wa harusi ya mpwa wake. Mashangazi walikunja karanga huku wakiimba. Maua, ambaye kwa kawaida husoma kila karatasi kabla ya kuikunja, mitihani ya watu, barua za mawakili, hata risiti za dawa, aliona jina la Esperansi juu ya fomu moja, akacheka. "Shoga yangu leo kawa mfuko!" Mashangazi nao wakacheka. Hakuigeuza. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya misafara kutoka pwani mpaka Unyanyembe, na nyumbani kwao kulikuwa na msemo aliouacha: mpagazi haufungui mzigo wa mwenyewe. Maua alijivunia msemo huo mbele ya wageni. Huu mzigo hakuufungua. Aliukata vipande, akauuza mtaani.

*

Kabla ya adhuhuri alikuwa ofisini kwa Emilian, kanga begani, hasira mbele.

"Shikamoo, Mama Sadiki," Emilian alimwamkia kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, na marahaba yenyewe naitoa kwa shida. Wewe si ulimwambia Esperansi karatasi zake zimo kabatini?"

Emilian alifunga mlango. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono. "Zilikuwemo. Tulipomaliza kuziingiza kwenye kompyuta, nikaagiza zichomwe."

"Uliagiza! Ukasimama ukaona moshi?"

Emilian alizipanga upya kalamu zake mezani.

"Boksi la siri za watu kumi na wanne unaliacha nje ya mlango kama maganda ya ndizi, wewe unapanda basi!"

"Mama," Emilian alisema polepole, "mzee Limbu ameniambia aliyelichukua ni nani."

Hasira ya Maua ikakosa pa kukaa. Alikaa yeye.

"Picha ya ile karatasi iko kwenye kundi la wazazi la WhatsApp tangu saa tatu," Emilian aliendelea. "Nimepigiwa simu ishirini. Kuna mzazi anataka mtoto wake apimwe kama amelishwa kitu."

"Lakini huyo mliyemchunguza, mlimwona ana kosa?"

"Hana. Soma hadi mwisho, ni yeye mwenyewe aliyeandika. Alikuwa na miaka kumi na minane, alipangiwa kumwangalia mtoto, na baba wa mtoto akamtuma kisimani. Alikaa mahabusu miezi minane, mahakama ikamwachia. Tulipata hukumu yake. Ndiyo maana tulimkubali."

"Basi waambie wazazi hivyo."

"Nikiwaambia hivyo nakuwa nimetoa siri yake mara ya pili. Sheria ya taarifa za watu ipo sasa, Mama Sadiki, naweza kushtakiwa."

"Sheria umeikumbuka leo."

"Nimemsimamisha kwa muda," alisema bila kumtazama. "Mpaka maneno yapoe."

Maua aliyajua maneno ya Tabora kuliko yeye. Aliyalea mengi kwa mkono wake. Hayapoi. Yanahama nyumba tu.

*

Nyumbani alilivuta boksi kutoka chini ya kitanda. Zilikuwa zimebaki karatasi tisa. Alizibeba mpaka jikoni, akainama kwenye jiko la mkaa, na ndipo Mama Kulwa alipoingia akiwa ananukia ushindi.

"Shoga! Hukuniambia unalo jambo kubwa namna ile! Nilipoona karanga zimefungiwa mwandiko, nikasema, huyu Maua ana akili, hataki kusema kwa mdomo."

"Sikukutumia kitu, Mama Kulwa."

"Haya, hukutuma." Akacheka, akajikalisha kwenye kigoda. "Mimi mdomo wangu kaburi. Lakini si nimefanya vizuri? Watoto wetu wale!"

Karatasi ya juu mkononi mwa Maua ilikuwa na jina la Mama Kulwa. Naye alijitolea kuchota maji pale kituoni, miezi miwili tu, kisha mgongo ukamshinda. Safari hii Maua aliigeuza. Macho yake yaliuona mstari mmoja upande wa nyuma, mmoja tu, na ulitosha kumfunga Mama Kulwa mdomo mpaka siku ya kiama. Mstari huo haurudiwi hapa.

Ungekuwa utamu ulioje! Angeusoma kwa sauti, polepole, pale pale jikoni, amwone mwenzake anavyopauka.

"Hiyo nini?" Mama Kulwa aliuliza, shingo imeshanyooka.

"Yako."

"Yangu nini?"

"Fomu yako. Ile uliyojaza kituoni." Maua aliunyoosha mkono. "Na ya Esperansi ilikuwa humu humu, boksi moja. Chukua, uitazame, kisha uitie motoni mwenyewe."

Mama Kulwa aliipokea. Aliigeuza. Aliufuata upande wa nyuma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Umesoma?"

"Mstari mmoja."

"Maua. Utamwambia mtu?"

"Wewe umewaambia wangapi?"

Mama Kulwa aliisokomeza karatasi kwenye mkaa, akaikoroga kwa kijiti mpaka ikawa majivu, akatoka bila kuaga. Maua hakuona raha yoyote. Alichoma nane zilizobaki, moja moja, zote upande wa mbele ukiwa juu. Alikuwa mratibu mzuri sasa, alisimama mpaka akaona moshi. Na picha ya karatasi ya Esperansi iliendelea kutembea kwenye simu za watu, mahali ambapo hapana moto wa kuifikia.

*

Kati ya mlango wake na wa Esperansi hapakuwa na hatua thelathini. Alizipiga jua likiwa la utosi. Kuku watano walikuwa wamefungwa kamba kwenye mguu wa benchi, na kando yao palikuwa na sinia la michembe, limefunikwa vizuri, tayari kupelekwa.

Alisimama kizingitini. Ndani Esperansi alikuwa anapakua maharage na ndizi.

"Espe."

"Dada."

"Karatasi ilitoka kwangu." Alikuwa ameandaa maneno mengi, na mengine yalikuwa mazuri, lakini yalitoka hayo tu. Kisha yakafuata yaliyobaki kama yalivyokuwa: boksi, mzee Limbu, harusi, mashangazi, kicheko. Hakuruka hata kicheko. "Asubuhi niliiona ncha nikaijua, nikanyamaza. Nitakwenda kwa kila mzazi. Nitasimama barabarani niseme."

"Utasema nini?"

"Kwamba mahakama ilikuachia."

"Mahakama iliniachia tangu zamani," Esperansi alisema. Alifuta ukingo wa sahani kwa kidole. "Nilihamia huku ili nipate mahali ambapo sitasimulia. Miaka kumi, dada. Kila nilipoingia kwako nilijiambia leo nimwambie Maua, halafu naona umezungukwa na watu, unawachekesha kwa habari za mwingine, ninasema hapana, bora kesho. Nikamwandikia Emilian, kwa sababu alisema kuna kabati."

Maua alishika fremu ya mlango. "Nitukane basi."

"Kukutukana kutamrudisha nani? Leo saa tisa watoto watapanga foleni ya uji, na Kulwa atauliza niko wapi. Watamjibu nini? Watamwonyesha simu."

Nje kuku mmoja alijikwaa kwenye kamba, akapiga kelele, akatulia. Maua aliingoja hasira kama mtu anayengoja mvua aliyoiona ikija. Haikuja. Esperansi alifunika sufuria, akanawa mikono, akajifunga upya kanga, akaja mpaka mlangoni. Miaka yote Maua alikuwa anaingia humu bila hodi, anafunua sufuria mwenyewe, anagombea ndizi iliyoiva zaidi. Hakuwahi kukaribishwa, kwa kuwa hakuna anayemkaribisha mtu wa nyumbani.

Esperansi alichukua kiti cha pekee alichokuwa nacho, kile cha wageni, akakipangusa vumbi kwa pindo la kanga, akakiweka mbali na mkeka. Akamimina maji kwenye birika la kunawia. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama anavyofanyiwa mtu aliyetoka safari ya mbali na ambaye jina lake halijafahamika vizuri.

"Karibu ndani, mama," alisema. "Karibu chakula."