Siku Chiriku Alipogeuka

Mtembeza wageni anayeijua kazi yake haliangalii jengo analolisimulia. Jengo halina masikio. Mwenye masikio ni mgeni, kwa hiyo jengo hupewa mgongo na mgeni hupewa uso, na njia nzima mtu anaongea huku akitembea kinyumenyume. Ndivyo Chiriku alivyofanya kazi tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa kichwani. Jina la Chiriku alipewa na wenzake wa ofisini kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na yeye alilipenda kuliko lile la kuzaliwa.

Anayetembea kinyumenyume mjini anahitaji macho ya kisogoni, na macho ya Chiriku yalikuwa mumewe, dereva wa basi dogo la wageni. Kila kituo Dereva alishuka, akasimama nyuma ya mkewe. Penye ngazi alikohoa mara moja. Penye shimo au pikipiki alikohoa mara mbili. Waliyaanza hayo kabla hawajaoana. Siku ya kwanza kabisa Dereva hakukohoa, binti wa watu akarudi nyuma akamwangukia kifuani, wageni wakapiga makofi. Aliapa kwamba alipitiwa tu. Hakuna aliyemwamini, na mkewe ndiye aliyemcheka zaidi.

Sasa alikuwa anakwenda kumkoholea kwa mara ya mwisho. Binti yao alikuwa ameshasema na mwenye ofisi, na mwenye ofisi, kwa aibu kubwa, alikuwa ameshasema na Dereva: baada ya ziara ya leo, mama apumzike nyumbani. Mama mwenyewe hakuambiwa. Au tuseme aliambiwa juzi, na jana, na asubuhi ile akiwa anavaa viatu, na kila mara alisema, "Haya, kama ni hivyo," kisha akauliza kesho wanaondoka saa ngapi.

Daktari alikuwa ameutaja ugonjwa kwa jina refu. Dereva hakulishika jina, alishika maelezo yake tu: kwamba kumbukumbu zingeanza kuliwa kutoka upande wa jana, polepole, kurudi nyuma. Ikawa kweli. Chumvi ilihamia kabatini kwenye soksi. Jina la mjukuu likapotea, kisha mjukuu mwenyewe. Lakini ukimsimamisha Chiriku mbele ya stesheni ya zamani au soko walimowahi kulazwa majeruhi wa vita, maneno yalimtoka vilevile, na utani wake ukiwa mahali pake. Mazoea yalikuwa yamejichimbia chini kuliko maradhi yalivyokuwa yamefika.

Hayo yote Dereva aliyabeba. Lililomshinda ni la shemeji yake.

Chiriku alikuwa na kaka mmoja tu, aliyeitwa Miluzi kwa sababu alipiga miluzi hata akiwa anafokewa na baba yao. Alipanda treni ya askari akiwa kijana, akafia kwenye daraja la mto, na jina lake likachongwa pamoja na majina ya wenzake kwenye ukuta mrefu wa mawe pale bustanini. Ukuta huo ndio kituo cha mwisho cha ziara. Miaka yote Chiriku alisimama pale jina la kaka yake likiwa nyuma ya bega lake la kushoto, akawaeleza watu habari za vita, wala hakuwahi kumtaja. "Wageni wanakuja na misiba yao," alikuwa akimwambia mumewe. "Hawakuja kunibebea wangu."

Jioni moja, akikata vitunguu, Chiriku aliuliza, "Kaka atakuja kula na sisi Jumapili?"

Dereva, kwa kutojua, alimjibu kweli. "Kaka yako alifariki vitani, mke wangu. Umesahau tu."

Kisu kilianguka. Chiriku alikaa sakafuni akalia kama mtu aliyeletewa habari saa ileile, maana kwake ilikuwa saa ileile. Alilia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake aliamka mzima, akaimba akifua, na jioni akauliza tena kuhusu Jumapili. Dereva akajibu kweli tena, msiba ukaanza upya. Mara ya tatu alimwangalia mkewe, akaangalia kile kisu, akasema, "Yuko safarini."

"Huyo naye na safari zake," alisema Chiriku, akaendelea na vitunguu. Dereva alitoka nje akaegemea basi, akamlilia shemeji yake kwa niaba ya wote wawili.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Dereva ilimchukua miezi. Picha za Miluzi alizificha chini ya godoro la chumba cha wageni. Ukuta, huo hangeweza kuuficha. Alijaribu kuupitia mbali, mkewe akamaka: ziara bila ukuta ni nini, matembezi ya kununua viatu? Hivyo Dereva akaitegemea kazi yenyewe. Aliegesha basi kwa namna ambayo mkewe alishuka akiwatazama wageni, na yeye akasimama kati yake na mawe. Mradi Chiriku anaongea, hageuki. Na tangu lini Chiriku akanyamaza? Leo ilikuwa mara ya mwisho. Dereva aliomba kitu kimoja tu: mkewe aimalize kazi yake, arudi nyumbani, asipewe tena habari ile.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Ilianzia stesheni.

"Hapa ndipo vijana walipopandia treni," alikuwa akisema Chiriku, mgongo wake ukielekea nguzo zenye matundu ya risasi. "Mama zao walizuiwa kuingia ndani. Walisimama nje ya uzio ule, wakawa wanaita majina, kila mama la mwanawe, mpaka huwezi kujua nani anaitwa nani." Hapo kwa kawaida aliwapeleka kwenye saa kubwa. Leo hakuwapeleka. Alitabasamu. "Kaka yangu naye alipandia hapa. Alituaga kwa mluzi dirishani. Yuko safarini mpaka leo, lakini atarudi, ni mtu wa kuchelewa tu."

Wageni walitabasamu naye, wengine kwa mashaka, wakahesabu umri wake kimyakimya. Mmoja, muuguzi aliyekuja na kitambaa cha kijani kichwani, alimtazama Dereva. Dereva aliangalia viatu vyake. Uongo wake mwenyewe ulikuwa umesimama pale mbele ya watu, umevaa sare ya kazi.

Sokoni alikohoa mapema mno, mkewe akasimama akitafuta ngazi isiyokuwepo. "Una mafua?" alimuuliza mbele ya wote. "Nitakupikia kitu cha moto tukirudi." Wageni wakacheka. Posta ya zamani walipita salama, na kwenye bustani Dereva aliegesha basi kama alivyozoea, mlango ukitazama miti. Mkewe alishuka kinyumenyume, akaanza. Dereva akachukua nafasi yake mbele ya mawe.

Hapo mzee mmoja mwenye mkongojo, aliyekuwa wa mwisho kushuka, akakwama kwenye kidato cha basi. Mguu mmoja chini, mwingine juu, mkongojo umelala mchangani. "Dereva, nisaidie mwanangu," aliita, ingawa wawili hao walikuwa wa rika moja. Utamwachaje mtu wa makamo yako akining'inia mlangoni? Dereva alikwenda.

Alikuwa amemshika mzee kwapani alipomsikia yule muuguzi. "Mama, samahani. Huyu hapa ni babu yangu. Nimemtafuta tangu nikiwa shule. Naomba unipige picha naye, lakini jina lisomeke."

Kwa kawaida mpiga picha alikuwa Dereva. Kwa kawaida Dereva angekuwa pale.

"Lete simu, binti yangu," alisema Chiriku. "Simama huku. Babu yako asifunikwe na bega."

Akageuka.

Dereva alikohoa mara moja. Alikohoa tena na tena, kwa nguvu, kama anayetoa mfupa kooni. Chiriku, mtiifu, alisimama, akaangalia chini ya miguu yake, hakuona ngazi wala shimo, akainua tena simu. Alisogea karibu ili herufi zionekane. Alifinya macho. Dereva alimwona akipiga picha ya kwanza. Kisha akaona simu inashuka taratibu, na uso wa mkewe ukiwa bado palepale, ukitazama juu kidogo ya kitambaa cha kijani, upande wa kulia.

Alimwacha mzee ameketi kwenye kidato, akakimbia.

Chiriku alikuwa ameshaweka kidole kwenye jina. Alilifuata herufi kwa herufi, la kaka yake, kisha la baba yao. Hakupiga kelele. Dereva alizoea kile kilio cha jikoni, na kwacho alikuwa na mbinu zake, maji, mkeka, kifua. Huu ukimya hakuwa na mbinu nao.

"Hapa wanaandikwa waliokufa," alisema Chiriku.

"Ndiyo, mke wangu."

"Mimi ndiye ninayewaambia watu hivyo. Kila siku nasema, hawa wote hawakurudi." Alimgeukia. "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Tunalala chumba kimoja. Tunakula meza moja." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, wageni wakarudi nyuma wenyewe. "Nakuuliza habari za kaka yangu, unanitazama usoni, hunambii? Nimekukosea nini?"

Dereva alikuwa na majibu. Angeweza kusema, nilikwambia, ukaanguka sakafuni, nikakwambia tena ukaanguka tena. Angeweza kusema, ulilijua jina hili kabla hujanijua mimi. Yote yalikuwa kweli, na kila moja lingemwongezea msiba wa pili juu ya huu wa kwanza, msiba wa akili yake mwenyewe. Yakamfika mpaka kwenye meno. Akayameza.

"Nilisahau," alisema. "Nisamehe, mke wangu. Nilisahau kukwambia."

Chiriku alimtazama. Hasira ilibaki usoni pake kidogo, ikatafuta pa kukaa, ikakosa. Badala yake ikaja huruma, ile aliyokuwa akiwaonea wageni wazee wasioweza kupanda ngazi za posta. Alimshika mumewe shavu kwa kiganja.

"Masikini," alisema. "Ndiyo maana. Nimekuona siku hizi, unakaa unaduwaa, unakohoa pasipo na ngazi. Nikasema moyoni, mume wangu ameanza kusahau." Machozi yakamtoka sasa. "Usiogope. Mimi nipo. Nitakuwa nakukumbusha."

Dereva alitikisa kichwa kukubali.

Muuguzi alikuja akamshika Chiriku mkono mmoja. Mzee wa mkongojo alikuwa amejiinua mwenyewe na kuvua kofia. Walisimama pale, watu wasiojuana, kwa muda ambao hakuna ratiba ya ofisi iliyowahi kuutenga.

Walipopanda basi, Dereva alidhani mkewe angekaa. Chiriku hakukaa. Alisimama mbele kama siku zote, akaipa barabara mgongo na wageni uso, akafuta pua kwa upande wa mkono wa sare.

"Naomba niwaeleze habari za kaka yangu," alisema. "Amefariki. Nimepata habari sasa hivi."

Akawaeleza. Jinsi alivyopiga mluzi akifokewa, baba yao akashindwa kuendelea kufoka. Jinsi alivyomfundisha dada yake kuogelea kwa kumsukuma mtoni, kisha akaruka mwenyewe kwa woga. Jinsi alivyokula chakula cha watu wawili na kumsingizia paka. Mengine Dereva hakuwahi kuyasikia katika ndoa yao yote. Kwa miezi alikuwa amemfungia mkewe mlango wa msiba, akiamini anamlinda, na kumbe mle ndani ndimo kaka mtu alimokuwa amebaki. Aliona aibu, na kuliko aibu aliona uchungu, maana alijua kesho asubuhi Miluzi atakuwa safarini tena, na yeye hatakuwa na nguvu ya kusema vingine.

Kushoto kulikuwa na njia fupi ya kurudi ofisini. Dereva aliipita. Alishika ile ndefu, inayozunguka nyuma ya stesheni, akaendesha taratibu, magari yakimpigia honi.

Nyuma yake Chiriku alikuwa amefika siku ya treni. Mbele palikuwa na shimo. Dereva alikohoa mara mbili, na mkewe, bila kukatisha maneno, akashika kiti.