Mtoto Asiyeandikwa

Kampuni ilitoa siku tatu za mapumziko kwa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto, tena siku zenye malipo. Lakini faili la Mwantumu lilisema ana mtoto mmoja tu, Zakia, na Zakia alikuwa hai, yuko darasani chuoni.

Charlotte, msimamizi wa zamu, aligeuza kioo cha kompyuta ili na yeye aone.

"Hapa pameandikwa mmoja," alisema kwa Kiingereza cha polepole, kile alichowawekea wageni. "Wewe umesema mtoto wa kiume?"

Mwantumu alikitazama kioo. Mikono yake bado ilinuka sabuni ya kuogeshea wazee. Tangu alfajiri alikuwa ameshainua watu saba kutoka vitandani, na mgongo ulikuwa unawaka moto. Ujumbe wa kifo ulikuwa kwenye simu, ndani ya mfuko wa sare, tangu juzi.

"Ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Kwetu na yeye ni mtoto."

"Mpwa. Kwa mpwa hakuna siku, mpenzi. Pole sana."

Alirudi kazini. Kerubo, Mkisii aliyekuwa akishirikiana naye zamu, alimkuta kwenye chumba cha mashuka akikunja shuka ambalo lilikwisha kunjwa.

"Mama, nimeskia. Usijali, nita-cover hiyo Sunday yako. Si ndio siku mnafanya ile maombi yenu?"

"Hitima. Ahsante, mwanangu."

"Pole sana. Hata nephew anauma."

Mwantumu aliitikia kwa kichwa, akachukua shuka jingine. Alijichukia kwa jibu alilompa Charlotte, akamchukia zaidi aliyemfundisha kujibu hivyo.

Kosa lilianzia mezani kwake mwenyewe, hapo mjini Euless, Marekani, Februari ya mwaka uliotangulia, siku zile runinga zote zilipokuwa zimetoka kuonyesha watu wa Syria na nchi nyingine za Waislamu waliozuiwa uwanja wa ndege, dakika kumi kutoka mlangoni pake. Rajabu Semboja alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania Waislamu, na kwa kazi alikuwa mhasibu. Yeye ndiye aliyewajazia watu fomu za uhamiaji. Hakuwa wakili, ila alikuwa na mwandiko mzuri na sauti ya mtu asiyewahi kukosea, na wakili ni ghali.

"Watoto wangapi, Bi Mwantumu?"

"Wawili. Zakia, na kaka yake Twalibu. Yuko Damascus."

Semboja aliweka kalamu chini. "Syria? Mwaka huu? Unataka kujitia kitanzi mwenyewe? Tunaandika mmoja."

"Lakini nimemzaa."

"Nani kasema hukumzaa? Hapa tunazungumzia fomu."

Akaandika mmoja. Mwantumu akatia sahihi, na kazini pia akaandika mmoja. Sasa ulikuwa Aprili, na usaili wa uraia, wake na wa Zakia, ulikuwa umepangwa mwezi ujao.

Twalibu aliondoka Tanga mwaka 2010 kwenda kusoma ufamasia. Mwaka uliofuata watu wa huko wakaingia barabarani, na yeye akatuma ujumbe wa sauti akisema vijana wa darasani kwake wamegawanyika hata hawaazimani daftari. Chuo kikayumba. Pasi yake ikaisha muda, na nauli ilipopatikana njia zilikuwa zimefungwa. Akabaki kwenye duka la dawa la familia moja, katika kitongoji cha mashariki mwa mji kilichozingirwa miaka na miaka.

Ulikuwepo ujumbe mmoja ambao Mwantumu aliusikiliza mara nyingi, kazini, akijifungia msalani. "Mama," Twalibu alisema humo, "mwenye duka anataka serikali ianguke, mkewe anataka umeme urudi, na bibi wa nyumba anasema wote wawili wapunguze kelele alale. Mimi nawauzia wote dawa ya tumbo."

Mwezi Machi bomu likaangukia mtaa wa duka. Habari ilichukua wiki tatu kufika. Mwenye duka aliandika kwa Kiarabu, mistari minne, na Ustadhi Mbwana wa Sugar Land, nje kidogo ya Houston, ndiye aliyeifasiri kwa simu. Cheti cha kifo hakikuwepo. Hata hospitali ya kukitoa haikuwepo.

Jumamosi alasiri Ustadhi aliwasili baada ya saa nne za barabara kutoka Houston. Semboja alikuwa ameshafika. Walikaa kwenye kochi la Mwantumu, Zakia akawaletea chai na kaimati, na kabla kikombe cha kwanza hakijaisha walikuwa wameshafika Syria.

"Kijana amekufa shahidi," Ustadhi alisema. "Watu wale walitoka mikono mitupu kudai haki, wakapigwa risasi. Kesho nitalisema hilo kabla ya dua, na nitalisema kwa sauti."

"Haki gani, Ustadhi? Nchi ilikuwa na shule, ina hospitali, mkate bei ya chee. Wakachochewa na watu wa nje, wakaibomoa nyumba yao wenyewe. Muulize Mlibya leo anakula nini."

"Mkate unaoliwa kwa hofu miaka arobaini ni mkate huo?"

"Ni mkate. Kifusi hakiliwi."

"Wewe umelishwa taarifa ya habari ya serikali."

"Na wewe umelishwa YouTube."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa wawili kitanda cha Syria walikuwa wamekiona kwenye simu. Mwantumu alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jiko, akisubiri wamalize. Hawakumaliza. Walihama kutoka kwa Warusi wakaenda kwa Wamarekani, wakapita kwa Waturuki, na kila walipopita walimbeba Twalibu mabegani, huyu akimvuta huku, huyu akimvuta kule.

"Twalibu alikuwa anauza dawa," alisema.

Semboja alikuwa anataja gesi ya sumu. Mwantumu alirudia kwa sauti ya juu zaidi.

"Alikuwa anauza dawa ya kuharisha. Hakuwa wa huku wala wa kule."

Ustadhi alitabasamu kwa upole. "Mama, usimpunguzie mwanao daraja."

"Na wewe usimwongezee kesi," Semboja alimkata.

"Mimi nataka kitu kimoja," Mwantumu alisema. "Jina. Kesho mkimaliza juzuu, kwenye dua, asomwe Twalibu bin Athumani. Basi. Sitaki siasa. Hitima ina mwenyewe."

Semboja alivuta pumzi, akajiweka sawa kama mtu anayetaka kumweleza mteja kwa nini kodi imepanda.

"Sikiliza, dada yangu. Kesho kutakuwa na watu sitini, kila mmoja na simu, wengine wanarusha live mpaka Tanga. Lisomwe jina la aliyefia Syria, halafu watu wampe mkono mama yake. Mwezi ujao unakaa mbele ya afisa, anakuuliza una watoto wangapi. Utasemaje?"

"Nitasema wawili, mmoja amekufa."

"Na sahihi yako? Hapo umeshadanganya serikali. Unarudishwa, na Zakia anarudishwa. Na mimi niliyekusaidia?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Alilisema la mwisho kwa haraka, kisha akamega kaimati.

"Tufunike kombe mwanaharamu apite," aliongeza. "Ukishapata uraia, hata maulidi tutamsomea."

"Huyo mwanaharamu ni nani, Mwenyekiti? Mwanangu?"

Semboja alichukua kaimati nyingine. Zakia, aliyekuwa amesimama na birika, alisema polepole, "Mama, please. It's my interview too."

Mwantumu alimtazama bintiye. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa na kaka yake alimfundisha kusoma saa. Hakuweza kumkasirikia, na hilo lilimkera zaidi kuliko yote.

Akamgeukia Ustadhi. "Wewe unasemaje? Wewe ndiye msomaji."

Alitegemea kwamba mtu aliyemwita Twalibu shahidi atamtetea. Ustadhi aliangalia kikombe chake.

"Kama nimezuiwa kumsema inavyostahili, mimi jina tupu silisomi. Itakuwa kumdhalilisha. Tutaombea marehemu wote. Mungu anamjua."

"Mungu hajamsahau, Ustadhi. Mimi nataka watu wamsikie."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," alisema Ustadhi, akatikisa kichwa kwa huruma, na wote wawili wakaonekana wameridhika. Miaka saba ya vita hawakupatana kwa neno moja, na la kutomtaja Twalibu wakapatana ndani ya kikombe cha chai.

Jumapili ukumbi wa fleti ulijaa. Wanaume walikaa kwenye mikeka, wakagawana juzuu thelathini, wakasoma kila mtu yake kwa pamoja, na kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu ikawafunika sauti. Wanawake walikuwa jikoni. Mwantumu alikuwa amepika pilau sufuria mbili peke yake tangu alfajiri, na aliyetaka kumsaidia alimfukuza.

Dua ilipoanza, alisimama mlangoni na upawa mkononi. Ndani ya moyo alikuwa bado ana tamaa. Alijiambia Ustadhi ni mtu wa dini, amesafiri saa nne, hawezi kula pilau ya maiti asiyemtaja.

"Na thawabu za kisomo hiki zifike kwa marehemu wetu wote," Ustadhi alisema, "wanaume kwa wanawake, wa karibu na wa mbali."

Akapangusa uso kwa leso. Mwantumu akapiga hatua moja ndani.

"Na uwaponye wagonjwa wetu. Na uwafungulie wenye shida za makaratasi. Na umlipe kheri Mwenyekiti wetu, Rajabu bin Omari Semboja, aliyetupatia ukumbi huu."

"Amina," ukumbi ukaitikia.

Wakati wa kula mazungumzo yalipungua kwa muda mfupi tu. Kisha Semboja akasikika akisema kuhusu mkate, na mtu mwingine akamjibu kuhusu haki, na baada ya muda nusu ya ukumbi ilikuwa Damascus, midomo imejaa. Mwantumu aliendelea kupakua. Aliwasikia wakiuliza nani alirusha bomu lipi mwaka gani, na hakuna aliyeuliza lilimwangukia nani.

Kerubo aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa na sare, anahema.

"Mama, nimetoroka lunch break, lazima nirudi saa hii hii. Nimeleta hii." Alitoa kadi kubwa yenye maua meupe. "Wote wame-sign, Charlotte, watu wa jikoni, hata yule mzee wa room nine. Imebaki tu jina la marehemu hapa juu. Huyo kijana alikuwa anaitwa nani?"

Alikuwa ameshafungua kalamu, ameiweka kwenye karatasi, anangoja.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. Semboja alikuwa amesimama upande wa pili wa sufuria, sahani mkononi, amekuja kuongeza. Zakia aliacha kugawa soda.

"Weka marehemu wote," Mwantumu alisema.

"Wote? Si ni mtu mmoja, mama?"

"Sisi tunasoma ya wote."

Kerubo alimwangalia, halafu akaandika kwa herufi kubwa nzuri, MAREHEMU WOTE, akaupulizia wino ukauke. Akamkumbatia kwa mkono mmoja, akamwachia kadi mezani kando ya bakuli la kachumbari, akaondoka mbio kuwahi zamu.

Semboja alisogeza sahani yake.

"Na ukoko kidogo, Bi Mwantumu, kama umebaki."

Mwantumu akainama juu ya sufuria, akamkwangulia.