Barabara Ina Ncha Mbili

Saa moja na robo asubuhi binti wa mshika kibao alifunga mkanda, akaweka kioo sawa, akatia gia ya kwanza kwa uangalifu wa mtu aliyebeba uji wa moto. Gari likazima. Akaliwasha tena. Leseni yake ilikuwa na siku kumi na moja. Baba yake alikuwa na miezi minne kaburini.

Kaburi halikumzuia baba kwenda kazini. Walimzika Jumapili, na Jumatatu jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya zamu, naye hakuwa mtu wa kukosa kazi. Alisimama palepale barabara ilipochimbwa, penye njia moja tu iliyobaki wazi, na kibao chake: huku chekundu SIMAMA, huku kijani NENDA. Akisharuhusu magari ya upande huu, alitembea mita mia tatu kwenda kuruhusu ya upande wa pili. Kampuni ilikuwa imesema watu wawili kwa barabara moja ni ubadhirifu. Ni katika kutembea huko ndipo tipa la kokoto lilipomkuta, likirudi nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gia ya pili, mwendo thelathini. Usimgande wa mbele. Na huo mguu utoe kwenye klachi, unaiunguza."

"Mama anauliza utarudi lini."

"Mwambie sijapata wa kunipokea."

Mama hakuwa amefunga mlango wa mbele tangu mazishi. Alilala kwenye kiti, akiutazama.

Binti akaenda kwa msimamizi, kwenye kontena lenye dirisha moja, akamwomba amwachie mzee akapumzike.

"Hachelewi, haumwi, haombi ruhusa," msimamizi alisema. "Mtu kama huyo namwachiaje?"

"Niweke mimi."

"Wewe u hai, dada. Walio hai wana mambo mengi."

"Na akipatikana mwingine?"

"Akipatikana, tutaona."

Nyuma ya gari la binti, kila asubuhi, alikuwepo mwenye pikapu nyeupe. Alipiga honi tangu koni ya kwanza hadi ya mwisho, kichwa nje ya dirisha.

"We dada, hilo gari au kitanda?"

Binti hakuzidisha thelathini.

Ijumaa kibao kilikuwa chekundu. Mwenye pikapu akachomoka kwenye foleni, akampita binti, akampita na baba katikati ya kifua, akaingia njia ile moja. Katapila lilikuwa likitokea kwenye kona. Binti akabaki nyuma ya mstari, akawasha taa za tahadhari kama alivyofundishwa, akalia. Alilia kweli. Lakini katikati ya kilio moyo ulimwambia: mwingine amepatikana. Aibu ile hakumsimulia mtu.

Jioni mama alifua kanzu ya mumewe, akaianika.

Jumatatu mwenye pikapu alikuwa kazini, ncha ya pili ya barabara, na kibao kipya na fulana yenye mikunjo ya dukani. Aliwaashiria madereva kwa upole, kiganja chini: taratibu, taratibu. Kwenye ncha ya kwanza alisimama baba.

Msimamizi alikuwa kando, akinywa chai.

"Si ulisema akipatikana mwingine?" binti akamuuliza.

"Nilisema tutaona. Barabara ina ncha mbili, dada. Sasa ndiyo tumekamilika."

Binti akamgeukia baba. Alitaka kumwambia habari za kanzu iliyokwisha kukauka.

"Mama hajafunga mlango," akasema.

Baba akatazama foleni ndefu nyuma ya binti, akageuza kibao.

"Nenda, mwanangu. Unawachelewesha wenzako."

Akatia gia ya kwanza. Gari halikuzima, na hakuna aliyepiga honi.