Ukoka wa Fidalga

Odília alimwogesha mtoto ndani ya beseni jikoni, akamfuta, akamvika, kisha akayachota yale maji ya sabuni kwa kikombe mpaka tone la mwisho na kuyatia kwenye ndoo. Akatoka nayo nje, mtoto kiunoni, akaumwagia ukoka wa mama yake, Bi Leontina. Kisima cha nyumba kilikuwa kimekauka tangu mwaka uliopita. Kando ya gereji lilisimama tangi la plastiki lililojazwa na boza la maji kila Ijumaa, na maji hayo yalikuwa ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia nepi. Ukoka ulipaswa kutosheka na maji ya sabuni. Lakini Odília alijua vizuri kwamba alfajiri, yeye akiwa bado amelala, Bi Leontina huvuta mpira kutoka kwenye tangi na kuunywesha maji safi.

Saa kumi na moja jioni ng'ombe akaja, akipitia pale palipokuwa na lango la zizi wakati bado lilikuwapo zizi. Akaingia kwenye nyasi, akainamisha kichwa, akaanza kula. Bi Leontina akatoka na kigoda chake na ndoo ya bati, akakaa, akamkamua.

Ng'ombe huyo aliitwa Fidalga na alikuwa amekufa zamani. Odília alipokuwa na miaka saba aliugua homa ya mapafu, madaktari wakaanza kuzungumza na wazazi wake kwa sauti ya chini, na baba yake, Urbano, akamwahidi Roho Mtakatifu ng'ombe wake bora kama mtoto atapona. Mtoto akapona. Sikukuu ya Roho Mtakatifu ilipofika, Fidalga alivishwa maua ya karatasi kwenye pembe, akapitishwa barabarani mbele ya bendi, na baada ya siku chache akawa supu. Ikamiminwa juu ya mkate na majani ya mnanaa, wakala wote waliofika ukumbini, kama ilivyo desturi ya watu wa Terceira, kisiwa alikotoka Urbano. Hakuna aliyeulizwa jina wala dini. Kesho yake, saa ya kukamua, Fidalga alisimama zizini mahali pake pa kila siku. Padri alipoulizwa alisema kwamba ahadi imelipwa kwa kuwa nyama imeliwa, na yaliyobaki ni mambo ya Urbano na ng'ombe wake.

Siku hizo zizi lilikuwa limejaa. Odília alikumbuka redio iliyoning'inia kwenye msumari, baba yake akiimba juu ya sauti ya mashine ya kukamulia, na maji yaliyotoka kisimani baridi kiasi cha kuuma meno. Kisha milozi ikapandwa ng'ambo ya uzio, safu kwa safu mpaka macho yanapoishia, na kampuni yenye milozi ikachimba visima virefu kuliko vya mtu yeyote. Kisima cha Urbano kikaanza kutoa mchanga. Ng'ombe hai wakauzwa. Kwa ajili ya yule aliyebaki, Urbano aliagiza mbegu za malisho kutoka kwa kaka yake kule Terceira, ambako mvua haijui kukatika, naye kaka akazituma ndani ya soksi ya sufu. Urbano akazipanda mbele ya nyumba, nje kidogo ya mji wa Tulare, katika bonde ambalo tangu Mei hadi Oktoba halioni hata umande. Ukoka ukaota. Ukanywa kama mlevi aliyelipiwa. Urbano alipofariki, mjane wake aliendelea kuunywesha, na hakuruhusu mtu aufyeke, kwa hiyo nyasi zilifika magotini.

Jumatano moja Zulmira, yule mtoto, akaharisha, na Odília alipofungua bomba la tangi likatoa upepo. Boza lingekuja keshokutwa. Mume wake alikuwa safarini kaskazini na lori la maziwa. Akamsafisha mtoto kwa maji ya chupa aliyopewa na jirani, taratibu, akimwimbia ili asilie, na alipomaliza akaenda kumkuta mama yake sebuleni.

Hawakugombana. Odília alisema tu kwamba ukoka utang'olewa, na badala yake itapandwa mimea isiyodai maji. Alikuwa ameisoma katika darasa lake la jioni: lavenda, rozmari, mishubiri, mipungate, na changarawe katikati. Bi Leontina alikuwa akikunja nepi. Alikunja zote kabla ya kujibu.

"Ukiung'oa, Fidalga atakuja kufuata nini?"

"Atakufuata wewe, mama."

"Mimi sina majani."

Kila jioni Odília alimwona mama yake ameegemeza shavu kwenye ubavu wa ng'ombe, amefumba macho, na alijua kwamba kwenye maziwa yale ya uvuguvugu kulikuwa na harufu ya zizi, ya mashine, na ya mikono ya baba. Yeye mwenyewe alimnywesha Zulmira maziwa hayo ili amjue babu yake. Usiku huo alimlaza mtoto kifuani, akamsikiliza anavyopumua, na asubuhi akampigia simu Mzee Hermínio.

Mzee Hermínio alikuwa mkamuaji mwenzake Urbano tangu ujana. Alikuja Jumamosi na sepetu mbili na toroli. Bi Leontina alimwambia kutoka barazani kwamba hakutegemea usaliti kutoka kwake.

"Shemeji," alisema Hermínio, "mimi nilikula bakuli mbili za ng'ombe huyu, nikaomba na ya tatu. Mpaka leo tukikutana ananisalimia. Huyo hana kinyongo, atanuna kwa ajili ya majani?"

"Wewe ulikula kwa ulafi. Usimsingizie Roho Mtakatifu."

Ukoka ulitoka kwa vipande, wakaukunja kama mikeka. Kila walipoinua kipande, chini yake palitoka ubaridi wa miaka ile, na safari moja Odília alisikia redio, wimbo nusu, kisha ikanyamaza. Hermínio naye alisikia, akapumzika kidogo juu ya mpini wa sepetu, akaendelea. Waliweka mimea, wakamwaga changarawe, wakatandaza mipira ya kumwagilia kwa matone. Saa kumi na moja ilipokaribia, Bi Leontina alifunga aproni, akachukua kigoda na ndoo, akasimama barazani akiutazama ukuta wa gereji ili asiitazame njia. Odília alimshika Zulmira kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Fidalga akaja. Alipitia palipokuwa na lango, akasimama mahali pake katikati ya lavenda, akainamisha kichwa kwenye majani yasiyokuwapo, akatafuna kwa subira ileile. Kwato zake zilikuwa hewani. Kati ya kwato na changarawe palikuwa na nafasi ya kufika goti la mtu mzima, na paka wa jirani alipita hapo chini bila kuinama.

Hermínio alivua kofia. Alieleza kwamba ng'ombe anakanyaga ardhi ya wakati ule alipokuwa hai. Bonde lote lilikuwa limeshuka, nyumba, barabara, kanisa na makaburi, kwa kuwa visima virefu vilikuwa vimefyonza maji yaliyolishikilia. Limeshuka kwa usawa, ndiyo maana hakuna aliyejua. Nyasi zilikuwa zimezificha kwato.

Bi Leontina alikizunguka kiwele, akakipima kwa macho.

"Kumbe," alisema. "Nilikuwa nakamua mikono imeinuka, nikadhani nimeanza kusinyaa."

Akakirudisha kigoda ndani, akamkamua akiwa ameinama kidogo tu, na akakiri kwamba kwa magoti yake ni nafuu.

Habari zikafika mbali. Alikuja bwana mmoja wa idara ya maji na bwana mmoja wa kampuni ya milozi, wakasubiri jioni wakinywa kahawa na mkate mtamu wa Bi Leontina. Fidalga alipofika, walipima kwa futi kutoka chini hadi kwatoni, wakakubaliana juu ya kipimo. Bwana wa kampuni alimsifu ng'ombe. Alisema, kwa upole, kwamba kwa bahati mbaya ushahidi wake ungekuwa mgumu kupokewa, kwa kuwa amekufa, tena ameliwa. Bwana wa maji alisema ni kweli. Wakaagana na kila mtu kwa mkono. Usiku pampu za ng'ambo ya uzio ziliunguruma kama usiku mwingine wowote.

Bustani ikashika. Lavenda ilichanua, nyuki wakaja, na tangi likaanza kufika Ijumaa likiwa bado na maji. Zulmira aliogeshwa kila siku, akanenepa. Mwaka uliofuata kwato zilifika kiunoni mwa Odília, na uliofuata tena zikapita kifua. Bi Leontina alihamia kwenye ngazi. Zulmira alijifunza kutembea chini ya tumbo la ng'ombe, kwenye kivuli chake, na mara nyingine tone la maziwa lilimwangukia utosini naye akacheka.

Zulmira alipoanza kuzungumza vizuri, Odília alimpeleka kwa gari kumlaki baba yake njiani. Walisimama kando ya shamba moja la kaskazini, ambako ng'ombe hai walikuwa wamejaa kwenye boma, miguu kwenye tope. Mtoto aliwatazama kwa muda mrefu kupitia dirisha la gari.

"Mama, hawa nani kawashusha?"

Odília alimwambia kweli, kwa kadiri ya umri wake: kwamba sisi sote tumeshuka, wao pamoja na sisi. Mtoto akauliza kama watapandishwa. Odília alimpangusa pua, akambusu, akasema bado hajapatikana mtu wa kutupandisha. Kisha akawasha gari, kwa sababu jioni ilikuwa inakaribia, na bibi akiwa juu lazima awepo mtu wa kumshikia ngazi.